Mzee Hapana na Ndege Namba Saba

Ndege ikipita juu watu hutazama, wakasema, "Mwone rubani yule, hodari kweli." Hakuna hata mmoja anayesema, "Fundi wake hodari." Ndivyo dunia ilivyo: mpishi anakula moshi jikoni, sifa anapewa aliyeandaa meza. Basi leo tumpe nafasi mla moshi, walau mara moja, maana yeye mwenyewe hakuwahi kuiomba.

Kambini walimwita Mzee Hapana. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye mafaili tu. Hili la pili alilipata kwa sababu ya kalamu. Kila ndege ina kitabu chake, na kabla haijaruka sharti fundi mkuu aandike humo kwamba ameikagua na iko salama, kisha atie sahihi. Bila sahihi hiyo hairuki, hata aje nani na nyota zake mabegani. Mafundi wengine wakiona kasoro ndogo humtazama kwanza mkuu usoni, wajue ameamkaje. Mzee Hapana alikuwa akiitazama kasoro. Kwa miaka ishirini na saba aligombana na wakuu sita wa kambi. Watano walikuwa wameshahamishwa, yeye bado yupo, na kalamu yake mfukoni.

Lakini alikuwa amechoka. Tena si ule uchovu wa kulala ukaamka umeisha. Magoti yalilia kila alipochuchumaa, sikio la kushoto lilikuwa limekufa kwa kelele za injini, na mikono ilikuwa imeingia weusi wa oili usiotoka hata uisugue kwa mchanga. Macho nayo yalianza kumsaliti. Bila miwani hakuweza kusoma hata jina lake mwenyewe. Alibakiza miezi mitatu astaafu.

"Hiyo miezi mitatu imalizie salama, baba," mke wake alikuwa akimwambia. "Usije ukaletwa hapa kwa machela."

"Miezi mitatu ni nini kwa mtu aliyevumilia kelele zako miaka thelathini?"

"Kelele zangu umezisikia wapi, wewe? Kila nikisema unanipa sikio bovu."

Hivyo ndivyo walivyopendana, na mwenye wivu ajinyonge.

Sasa ndege zenyewe msizifikirie zile za jeti, zinazopasua anga na kutikisa madirisha ya watu. Hizi zilikuwa ndege ndogo za propela moja puani, viti viwili, rubani mbele na mwenzake nyuma, bunduki mbili mbawani na mahali pa kuning'iniza mabomu manne. Zilitengenezwa kwa vita vya kuwafuata waasi milimani: ziende polepole, zishuke chini, zizunguke mahali pamoja saa nne nzima, zitue hata kwenye kiwanja cha changarawe. Marubani wa jeti wa kambi kubwa waliziita matrekta. Wakija kutembea walikuwa wakitania, "Haya wakulima, leo mmelima wapi?" Mzee Hapana anawajibu, "Tunalima pale ambapo ninyi mnapita mbio mnaogopa matope." Askari wa miguu waliokuwa kule milimani hawakuzicheka. Wao walipousikia ule mngurumo walijua leo watarudi.

Kambi ilikuwa nazo mbili, Namba Nne na Namba Saba. Nne ilisimama tangu miezi miwili nyuma, haina propela, haina magurudumu, imechunwa kifaa kimoja kimoja ili Saba iendelee kuruka. Kwa hiyo mkisikia ndege, jueni ni Saba. Nyingine hakuna.

Na huko milimani Mzee Hapana alikuwa na mtu wake.

Dada yake mdogo alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja tu wa kiume. Yule kijana alipomaliza shule alikaa nyumbani mwaka mzima anahesabu mabati ya paa, kazi hakuna, mpaka mjomba wake akamshika mkono akampeleka jeshini. Mama yake alilia siku tatu. Mzee Hapana akaenda kumtuliza, na katika kumtuliza ikamtoka kauli ambayo baadaye angetamani kuimeza.

"Sasa unalia nini, dada yangu? Zile ndege nani anaziruhusu ziruke? Si mimi? Basi mwanao akiwa chini, jua mimi niko juu yake."

Dada alifuta machozi. Mwanamke yule hakuwa na kingine cha kushika, alilishika neno hilo. Tangu siku ile kila akiisikia ndege husema, "Kaka huyo anapita."

Sasa tuje kwenye Jumanne.

Wiki tatu mke wa Mzee Hapana alikuwa anaimba wimbo mmoja tu, kisu. "Fundi wa ndege mzima, nyumbani kwako nyanya hazikatwi, zinapondwa. Huoni aibu?" Mume anasema kesho, kesho. Jumanne ile mama hakusema kitu. Alikifunga kisu kwenye gazeti akakitia ndani ya mfuko wa chakula chake cha mchana, na mzee alipouinua ule mfuko akajua ameshindwa.

Alifika karakana saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wenzake hawajafika. Akakibana kisu kwenye jiliwa, lile koleo la kubania la pembeni ya meza ya kazi, akachukua tupa, akaanza kukinoa. Kilikuwa kisu cha mpini mweusi, zawadi ya harusi yao, kimekula kutu mgongoni. Alikinoa taratibu, kwa raha ya mtu anayefanya kazi isiyo na kitabu wala sahihi. Vumbi la chuma lilimwagika mezani, na ndani yake vipande vyembamba kama vipande vya kucha. Akakijaribu kwenye ukucha wa kidole gumba, kikakamata. Akatabasamu peke yake.

Meza ya karakana ina sheria. Kabla ya kazi yoyote ya injini unaifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, unarudia, unapitisha kiganja, unatazama kiganja. Sheria hiyo Mzee Hapana ndiye aliyekuwa akiifundisha. Siku moja alimfutisha fundi mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, mara kumi na moja. Na Jumanne ile alikuwa ameshakichukua kitambaa mkononi, simu ikalia.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba, dada. Mbona mapema hivi?"

"Mtoto hajapiga. Leo siku ya tisa."

"Kule mtandao wa shida, unajua."

"Jumapili huwa anapanda kilimani ananipigia. Hata mvua inyeshe anapanda. Jumapili hii hakupanda, kaka." Sauti ikaanza kukatika. "Uliniambia uko juu yake."

"Niko juu yake. Ndege inaruka saa tatu leo. Nakwenda kuikagua sasa hivi, usilie."

Alipokata simu alikitupia kitambaa begani, akatoka kwenda kwenye ndege. Meza akaiacha ilivyo.

Chini ya injini, pale mafuta yanapopita yakitoka kwenye gia za propela, kuna kizibo kidogo chenye sumaku kwenye ncha. Kazi yake kukamata chuma chochote kinachomeguka humo ndani. Kila ndege ikitimiza saa ishirini na tano angani, fundi anakifungua na kukitazama. Akikuta ungaunga laini, anaufuta, anaandika, ndege inaruka. Akikuta vipande vya kushikika kwa kucha, ajue gia zinatafunana. Hapo mjadala umekwisha, kwa sababu injini ikikwama angani, ndege ya injini moja haina ya kuazima.

Na kizibo hutazamwa papo hapo, kikiwa mkononi, juu ya kitambaa cheupe. Mzee Hapana alilala chali chini ya Saba, akakifungua, akapapasa mfuko wa shati. Miwani hakuna. Iko mezani, aliivua alipokuwa akikijaribu kisu. Akajizoa kutoka chini, magoti yakipiga kelele, akarudi mezani na kizibo mkononi. Akakiweka mezani. Akachukua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, kisha akakiinua kizibo akakitazama.

Wewe unayesikiliza umeshaona. Yeye hakuona. Mtu anaweza kutembea njia moja miaka ishirini na saba bila kujikwaa, akaanguka mlangoni kwake, mchana kweupe. Alichokiona mzee ni vipande vitatu, vyembamba, vyeupe, vimesimama juu ya sumaku, na vumbi limevizunguka. Alivigusa kwa ukucha, vikashikika. Akavifuta akavitia kwenye kifuko cha plastiki kama inavyotakiwa, akafungua kitabu cha Saba.

Kabla hajaandika, mkuu wa kambi aliingia mbio, kofia mkononi.

"Iko tayari?"

"Hapana, afande."

"Mzee, leo si siku ya hilo jina lako! Kampani ya pili imezingirwa bondeni, chini ya daraja. Wanapigwa kutoka pande tatu. Wanaomba ndege, sasa hivi, si saa tatu!"

Mzee Hapana alishika ukingo wa meza. Mpwa wake alikuwa kampani ya pili.

Alionyesha kile kifuko. "Nimevikuta kwenye sumaku, afande. Gia zinakwisha. Hii haiwezi kwenda."

Rubani naye aliingia, kofia ngumu kwapani, mikanda imefungwa tayari. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mama wa mtoto wa miaka miwili, na tangu afike kambini alimwita fundi wake baba. Alikitazama kifuko, akamtazama mzee.

"Baba, ni dakika ishirini kwenda, ishirini kurudi. Haiwezi kuvumilia saa moja tu?"

"Inaweza. Na inaweza isivumilie dakika tano. Ningekuwa najua ningekwambia, mwanangu."

"Mpwa wako si yuko huko?" mkuu aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa mtu aliyebanwa.

"Yuko."

"Na bado unasema hapana?"

Tuseme ukweli, hapo mzee alitamani kutia sahihi. Aliitamani sahihi ile kama mtu wa jangwani anavyotamani maji. Nani angemlaumu? Angeandika mstari mmoja, Saba ingewaka, ingeruka, na dada yake angeisikia ikipita juu ya bati lake. Kalamu alikuwa ameshaitoa mfukoni. Lakini alimtazama yule binti na mikanda yake, akamwona ameketi mbele, injini imekwama, bonde linapanda kumfuata.

"Ningekuwa na mtoto wangu wa kumzaa kwenye kile kiti, ningesema hapana," alisema. "Na wewe nakwambia hapana."

Rubani alivua glovu moja, akavua ya pili. "Mzee akisema hapana, mimi siruki, afande."

Mkuu alitukana tusi ambalo hatutalitaja hapa, akakimbilia simu kuomba helikopta za kambi kubwa, maana jeti zao zisingeweza kushuka chini bondeni. Walimwambia zitafika bondeni saa saba. Ilikuwa saa mbili na nusu. Mzee Hapana aliandika kwa kalamu nyekundu, "Vipande vya chuma kwenye kizibo cha sumaku. Ndege isiruke." Akatia sahihi.

Mchana kutwa alifanya kazi kwenye Saba. Alimwaga mafuta ya injini, akayachuja kwenye kitambaa, safi. Akafungua chujio, safi kama limetoka dukani. Akakaa chini akalitazama. Gia zinazotafunana hazijifichi hivyo. Zingeacha chuma kila mahali. Alijiambia labda macho, labda uchovu. Alikuwa anasubiri simu, na mtu anayesubiri simu kama ile kichwa chake hakikai mahali pamoja.

Simu ilipigwa saa kumi jioni. Watano wamekufa. Mpwa wake yuko hai, ameletwa hospitali ya jeshi, mguu wa kulia umekatwa chini ya goti.

Alipofika nyumbani mke wake alikuwa ameshasikia. Alimpokea, akamvua viatu, akakitoa kisu kwenye mfuko akapika, akamtengea chakula, na kwa kuwa hakujua aseme nini akasema lolote, kama watu wote. "Angalau kisu umekinoa, baba. Kinakata kama wembe. Vitunguu vyote leo nimevikata bila kulia." Mzee alisema ahsante. Hakula.

Jumatano asubuhi mkuu wa kambi alimfuata karakana. Alikuja bila kofia, akasimama mbele ya mafundi wote.

"Jana nilikutukana, mzee. Usiku kucha sikulala. Ningewapoteza wale watano, na hawa wawili, na ndege juu yake. Mpwa wako alikuwa huko na bado ukasimama kwenye haki. Watu kama wewe hawazaliwi tena."

Mafundi walipiga makofi. Rubani alimkumbatia akalia begani kwake, akisema mtoto wake amelala na mama yake kwa sababu ya mzee huyu. Mzee Hapana aliona haya, akawafukuza wote warudi kazini, ingawa ndani yake, mtu ni mtu, maneno yale yalimpa nguvu kidogo. Alikuwa ametoa kitu kikubwa, na angalau alikuwa amekitoa mahali pa haki. Alijishikiza hapo.

Walitia mafuta mapya, wakaiwasha Saba ikiwa imefungwa chini, ikanguruma saa nzima. Alikifungua kizibo. Safari hii miwani ilikuwa puani. Hakuna kitu, hata unga. Alikifuta, akakirudisha, wakaiwasha tena saa nyingine. Hakuna kitu.

"Imejiponya," fundi mwenzake alitania.

"Chuma hakijiponyi," alijibu.

Wenzake walikwenda kula. Yeye alikwenda mezani na kile kizibo, akavuta kiti, anataka kufikiri. Ndipo alipoiona tupa karibu na jiliwa, pale pale alipoiacha jana. Aliitazama muda mrefu. Halafu, polepole, kama mtu anayefungua mlango wa chumba chenye maiti, akakipitisha kizibo juu ya meza, karibu na jiliwa, bila hata kuigusa.

Sumaku ikaota ndevu.

Alikichukua kitabu, akatoa kile kifuko, akavimwaga vile vipande vitatu kwenye kitambaa cheupe na pembeni yake akaweka hivi vya mezani. Akavitazama kwa lenzi. Kimoja kati ya vile vitatu kilikuwa na ukingo wa rangi ya kahawia. Kutu. Ndani ya injini inayoogelea mafuta mchana na usiku kutu itatoka wapi? Hata fundi wa wiki mbili angeuliza swali hilo. Yeye wa miaka ishirini na saba hakuuliza, kwa kuwa dada yake alikuwa amelia kwenye simu, na alikuwa amechoka, na aliiacha miwani mezani.

Ndege ilikuwa nzima. Kutoka saa mbili na nusu hadi saa saba ilisimama pale kwenye kivuli, nzima, mafuta yamejaa, mabomu yamefungwa, kwa sababu ya kisu cha kukatia nyanya.

Hakulia. Alikaa tu. Na msidhani hakushawishika. Alikuwa peke yake; kitambaa cha mafuta ya taa kilikuwa mkononi; kuifuta meza ni kazi ya nusu dakika. Wote walikuwa wameshamwita shujaa. Yeye anyamaze tu, sifa zijisimamie zenyewe. Ila kulikuwa na jambo moja. Ule wino mwekundu ukibaki, injini ya Saba ingefunguliwa ipelekwe kiwandani, miezi miwili mpaka mitatu, na bondeni kule bado kulikuwa na watoto wa watu wanaotazama juu.

Akaitoa kalamu. Chini ya wino mwekundu aliandika: "Vipande havikutoka kwenye injini. Vilitoka kwenye meza ya kazi, ambapo nilinoa kisu cha nyumbani na sikufuta. Injini ni nzima. Kosa ni langu." Akatia sahihi, akakipeleka kitabu kwa mkuu.

Mkuu alisoma mara mbili. Akainuka, akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi."

"Ungeniambia kwanza kabla ya kuandika, mzee! Tungetafuta maneno mengine. Unajua hii maana yake nini? Hutaimaliza miezi yako mitatu. Utatoka hapa kwa mlango wa nyuma."

"Saba itaruka lini, afande?"

Mkuu alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. "Kesho asubuhi. Kwa sahihi ya mtu mwingine."

"Basi sawa."

Alhamisi alikabidhi vifaa vyake, kimoja kimoja, na kila kimoja kikarudishwa ubaoni mahali pake. Rubani hakuja kumuaga. Alipofika getini aliisikia Saba ikiruka nyuma yake, upande wa sikio zima, lakini hakugeuka.

Ijumaa alikwenda hospitali.

Wodi ilikuwa ndefu, vitanda ishirini, harufu ya dawa na ya jasho. Dada yake alipomwona aliinuka akamshika mikono yote miwili. "Ahsante Mungu umekuja, kaka. Ngoja nikamletee chai, hajala tangu asubuhi. Wewe zungumza naye, wewe ndiye anakusikia." Akatoka na chupa yake.

Kijana alikuwa amekonda usoni kwa siku tatu tu. Shuka lilikuwa limelala bapa pale ambapo mguu ungekuwa. Mzee Hapana alisimama miguuni pa kitanda.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba."

"Niliwaambia, mjomba," kijana alisema, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililomchinja mzee. "Walipoanza kuogopa niliwaambia tulieni. Mjomba wangu ndiye fundi, sasa hivi mtaisikia. Wote tukawa tunatazama juu. Yule wa kulia kwangu alikufa anatazama juu. Baadaye wakasema ndege ilikuwa mbovu. Nikasema basi, kama mjomba amesema mbovu, ni mbovu kweli."

"Haikuwa mbovu."

Kijana alijiinua kwa kiwiko amtazame.

Mzee akamweleza. Hakupamba, hakuficha, hakusema macho wala uchovu wala simu ya asubuhi. Alieleza meza, tupa, sumaku, kutu. Alieleza kama anavyoandika kitabuni, mpaka mwisho. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa ameacha kutafuna.

"Kisu kipi?" kijana aliuliza. "Kile cha mpini mweusi? Cha kumenyea viazi, nikija likizo?"

"Hicho hicho."

Kijana alilinyoosha shuka pale lilipolala bapa.

"Kinakata?"

"Kinakata," mzee alisema.

"Haya," alisema kijana, akaugeuzia uso ukuta.

Dada alirudi na chupa ya chai, anahema kwa ngazi, anatabasamu tabasamu la mtu aliyerudishiwa nusu ya alichodhani amepoteza chote. "Kaka, mbona umesimama kama mgeni? Kaa basi. Madaktari wanasema atapewa mguu wa bandia, atatembea. Ningekuwa nimemzika leo. Kila saa nasema, ni kaka yangu huyo, alikuwa juu yake."

Mzee Hapana alimtazama mpwa wake. Kijana hakugeuka.

"Mwambie na mama, mjomba," alisema, akiuangalia ukuta.

Mzee Hapana alivuta kiti, akakaa, akamwomba dada yake aiweke ile chai chini na yeye akae.